Jina la Kutajwa Jukwaani

Hester Pockley alikuwa amebanwa pembeni mwa gari la farasi liendalo Thornby, kikapu cha mayai mapajani. Hakukusudia kusikiliza, lakini wanaume wawili mbele yake walisemezana kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu huisikia.

"Josiah, nyumba unayokaa ni ya nani?" aliuliza msimamizi wa mashamba, mwenye glavu safi kuliko shuka za Hester.

"Ya bwana mkubwa," alijibu fundi viatu.

"Na mpwa wake anagombea ubunge. Sasa ugumu uko wapi?"

"Ugumu ni mkate, Bwana Eldridge. Huyo mpwa anataka ngano izidi kuwa ghali ili mashamba ya bwana yalipe zaidi, na mimi nina watoto watano."

"Hao watano watalala wapi ukifukuzwa?"

Mume wa Hester naye alikuwa mpangaji wa bwana huyohuyo. Jana, siku ya kwanza ya uchaguzi, alikwenda kupiga kura kama alivyoagizwa, na tangu arudi hajamtazama mkewe usoni.

"Mkeo anasemaje?" Eldridge aliuliza, kwa upole uliotisha kuliko hasira.

"Kaniambia nivae koti la kanisani, nisimame kama mtu asiye na la kuonea haya."

Gari likasimama uwanjani, mbele ya jukwaa ambapo kila mpiga kura hutaja jina la mtu wake, umati ukisikia. Josiah akashuka, uso umempauka.

"Nitasimama hapo chini," Eldridge akamwambia. "Nitasikia."

"Haya, bwana. Nitasema kwa sauti."