Mhandisi Mbarak na Mafuta ya Mbuta

Sauti iliyonipokea nilipoingia chumba cha utafiti mwaka 1994 ilikuwa ya pipa la rangi likizungushwa kwa mnyororo wa baiskeli, ndani yake gololi za chuma zikisaga udongo mweupe wa Gilgil. Ilikuwa kelele ya kuudhi, na usiku ule ilinifuata hadi kitandani. Pipa hilo lilibuniwa na Mhandisi Yahya Mbarak, ambaye tarehe 30 Juni 1997 anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mafuta na sabuni kwa miaka ishirini na mitatu.

Mhandisi Mbarak ni mtoto wa Kaloleni ya hapa Kisumu. Alisomea uhandisi wa kemikali ng'ambo, akarudi Kisumu mwaka 1974, na tangu hapo moyo wake umekuwa kwenye kichocheo: ile nikeli inayoharakisha haidrojeni kuingia katika mafuta ya maji hadi yagande, yenyewe isiishe. Zamani tuliiagiza kutoka nje. Meli ikichelewa, kiwanda kizima kilikaa kikisubiri. Yeye alisisitiza kwamba nikeli ikipakwa juu ya udongo wa Gilgil itafanya kazi ile ile. Wenzake walimwita Daktari wa Udongo. Kufikia 1982 walikuwa wakiutumia udongo huo kila siku, ila jina hawakulibadilisha.

Kisha ukaja ukame wa 1984. Mbegu za pamba tulizokuwa tukikamua mafuta zilikosekana na wafanyakazi wakaanza kurudishwa nyumbani. Mhandisi Mbarak akapendekeza mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, ambayo wakati huo yalimwagwa ovyo ufukweni. Kama yangeganda na kupoteza harufu, tungepata sabuni na watu wangerudi kazini. Jirani yake, Mama Zeituni, aliyekuwa akichemsha mafuta hayo kando ya ziwa, akakubali kuyaleta.

Siku ya kwanza ya kuyajaribu, kichocheo kilikufa kabla ya chai ya saa nne. Kikafa tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Alibadilisha nikeli, akabadilisha joto, akafika mahali pa kuushuku udongo wake mwenyewe. Wakubwa nao walikuwa wameanza kuulizana chumba kile ni cha nini.

Mwishowe aliacha vifaa vyake, akaenda kuketi kando ya sufuria ya Mama Zeituni. Mafuta yalipoanza kuchemka, mama yule alitosa vitunguu, konzi baada ya konzi. Mhandisi akauliza ni vya nini.

“Ah, Baba Habiba! Mafuta ya kunuka hivi nitapelekaje kwa watu wa makoti meupe? Watasema Kaloleni hatuna adabu.”

Yaani heshima ndiyo iliyotuua. Vitunguu vina salfa, na salfa huing'ang'ania nikeli hadi isibaki nafasi ya kitu kingine. Mama Zeituni husimulia kwamba Mhandisi alicheka mpaka yeye mama akataka kumwitia mke wake.

Mafuta yasiyo na vitunguu yaliganda meupe. Sabuni ya kwanza ilipelekwa soko la Pap Onditi, ambako muuzaji mmoja, Dorca, aliinusa mbele na nyuma. “Hii si ya samaki. Injinia nadanganya sisi.” Hakuna sifa iliyompendeza Mhandisi kuliko hiyo. Waliokuwa wamerudishwa nyumbani waliitwa tena. Mwaka 1989 alipoeleza habari ya vitunguu mbele ya wanakemia Nairobi, ukumbi ulicheka. Aliwasubiri wamalize, kisha akawaonyesha grafu.

Mimi nilifika na shahada na koti jipya. Wiki yangu ya kwanza alinituma ufukweni nikaangalie mafuta yanavyochemshwa. Nilidhani ananidharau. Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananipa kazi yenyewe.

Mnajua pia kwamba uongozi ulitangaza mwezi wa nne kuwa asipopatikana mtu wa kushika nafasi yake, chumba cha utafiti kitafungwa na kichocheo kitaagizwa tena kutoka nje. Mhandisi Mbarak hakulalamika. Hakumwomba mtu yeyote abaki, wala mimi, ingawa alijua nimepata kazi katika kampuni ya rangi Nairobi. Aliendelea tu kusafisha mitungi ya kugandishia mafuta, kama mtu anayetarajia wageni.

Mhandisi, tunakushukuru kwa kazi, kwa subira na kwa vicheko. Mungu akujalie afya, na Mama Habiba akuvumilie sasa utakapokuwa nyumbani mchana kutwa.

Kampuni ya rangi nimeiarifu kwamba siendi. Jumatatu meneja wetu, Bwana Wasike, alinikabidhi funguo za chumba cha utafiti, na jana asubuhi nilipakia kichocheo kipya mtungini.

Jentrix Nelima
Chumba cha Utafiti