Shangazi Haisikiki na Mlango Uliofungwa

Ndugu jamaa, majirani, vijana wa muziki, na ninyi wanakamati mliokaa viti vya mbele, familia inawashukuru kwa kufika na inaomba utulivu wenu, kwa kuwa historia itakayosomwa hapa na mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea mageti, siyo ile iliyochapwa kwenye karatasi za kung'aa mlizogawiwa kwenye mlango wa ua huu. Ile imeandikwa na kamati bila kumuuliza mtu yeyote wa nyumba hii, na sisi tumeiona asubuhi ya leo kama ninyi mlivyoiona. Atakayesikia hasira ndani ya maneno haya hatakuwa amekosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba seremala na mama muuza maziwa, katika chumba cha nyuma cha nyumba hiihii ambamo jeneza lake limetoka leo, na mama yetu alizoea kusimulia kwamba kichanga kilipolia mara ya kwanza, jirani aligonga ukuta kuuliza kulikoni, baba akamjibu kwamba ni mtoto wa kike, na avumilie tu, atazoea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, ambako aliingia kwaya ya shule, na mwalimu wa kwaya, kwa kuona sauti yake inawafunika wenzake, akampanga mstari wa mwisho kabisa, karibu na mlango. Wengine wangenuna, yeye akasema baadaye kwamba pale ndipo alipojifunza wimbo unavyomfikia mtu aliyekaa mbali, jambo ambalo waliopangwa mbele hawakulijua kamwe.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa kuwa opereta wa simu, akakaa katika chumba kile chenye waya nyingi kuliko nyuzi za cherehani, vidude vya kusikilizia masikioni, akiwaunganisha watu wasioonana, na kwa kuwa laini za siku zile zilikuwa zikikoroma, neno lake la kila saa lilikuwa hilohilo: "Haisikiki, rudia." Ndilo lililomletea mume, maana kijana mmoja fundi cherehani alikuwa akipiga simu kuagiza vitambaa, akaambiwa haisikiki mpaka uzalendo ukamshinda, akafunga safari hadi dirishani aseme ana kwa ana, na kilichosemwa pale dirishani hakikuhusu vitambaa. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1987 ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa 1990 ambaye ni dereva wa lori, na shemeji yetu, ambaye hawezi kuimba hata wimbo wa kubembeleza mtoto, aliishi na nyimbo ndani ya nyumba miaka yote hiyo bila kulalamika. Tarehe 30 Juni 1998 mashine ikachukua kazi ya maopereta, naye pamoja na wenzake wakapewa mkono wa kwaheri.

Mwezi Machi 2003 aliingia katika stoo ya ukumbi wa mtaa, iliyojaa viti vilivyovunjika miguu, akaifagia mwenyewe, akaweka gitaa moja na kinanda kilichokuwa na meno machache kuliko ya babu, na hapo ndipo kilipoanzia kikundi cha hisani cha kuwafundisha vijana uimbaji na muziki wa kisasa, ambacho leo kina kamati, mhuri na mwenyekiti mwenye gari. Karatasi ya kung'aa inasema kikundi kilianzishwa na kamati. Kamati ilikuja mwaka wa saba, chakula kilipokwisha kuiva.

Darasa lake lilikuwa na sheria moja, kwamba hakuna anayeshika kipaza sauti kabla sauti yake tupu haijafika mlangoni. Mwanafunzi alisimama mbele akaimba, mwenzake akakaa kwenye kigoda kando ya mlango wa nyuma, maneno yakimfikia aliinua mkono, yasipomfikia aliuacha mkono magotini, na marehemu alisema neno lake lilelile la simu, haisikiki, wimbo ukaanza upya. Ndiyo maana mlimwita Shangazi Haisikiki. Kinyozi wetu wa kona, aliyekuwa akifoka mistari yake kama bomba lililopasuka, aliambiwa haisikiki mpaka akatishia kuacha muziki, na leo anawafundisha wenzake kutamka. Msusi, ambaye sauti yake haikuvuka benchi la pili, aliimba wimbo mmoja masika yote, mpaka siku moja mkono ukainuka mlangoni, akaketi chini akalia.

Sasa tunafika mahali ambapo karatasi ya kung'aa inasema marehemu alistaafu kwa hiari yake. Hakustaafu. Tarehe 21 Septemba 2019 wafadhili walikuja kutazama kazi, na mwenyekiti, kwa kuogopa vijana wasije wakamwaibisha, alikodi waimbaji wa studio, akarekodi wimbo, akawaamuru vijana wachezeshe midomo juu yake, na akasisitiza kwamba litokee litakalotokea, mtu asiache mpaka atakapowapungia mkono. Marehemu alikataa, akaambiwa akae nyuma, akaenda kukaa kwenye kigoda chake. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Spika zikanyamaza, mwenyekiti akaduwaa asipunge mkono, na vijana, kwa kuwa walikuwa watiifu, wakaendelea kufungua na kufumba midomo kama samaki kwenye ndoo, mbele ya wageni, ukumbi ukiwa kimya. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, bila ukali: "Haisikiki." Msusi akavuta pumzi, akaanza wimbo upya kwa sauti yake mwenyewe, wenzake wakaudaka, na wageni wakasimama. Mgeni mmoja aliuliza ule wa kwanza uliimbwa na nani, na marehemu, ambaye uongo haukupata kukaa kinywani mwake, akajibu: "Waimbaji wa kukodi, baba. Hawa ndio wetu."

Jumatatu iliyofuata alikuta kufuli jipya. Mlinzi, akitazama viatu vyake kwa aibu, alimwambia, "Mama, nimeambiwa nikwambie umestaafu." Asante ya punda ni mateke. Gitaa, vinanda na ngoma zilibaki ndani, ukumbi ukawa wa sherehe na mikutano, na marehemu akahamia karakana ya mdogo wake, akafundisha kila jioni mashine za kukatia chuma zinapozimwa, vijana wakiimba katikati ya mageti yasiyopakwa rangi, na mvua ikipiga bati waliongeza sauti. Kila mwezi alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya kamati kuomba jambo moja, vijana wafunguliwe mlango, hata kama yeye hataingia, naye akaambiwa kesho, mama, njoo kesho.

Mwezi Februari 2022 miguu yake ilianza kuvimba, madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka, naye akaendelea kufundisha akiwa ameketi. Mwishoni sauti ile iliyomgongesha jirani ukuta ilibaki mnong'ono. Siku moja kabla ya kifo alinong'ona kitu, na mdogo wake, ambaye hakuwahi kuthubutu maisha yake yote, akamwambia, "Haisikiki, dada, rudia." Alicheka, akarudia: "Fungueni mlango." Muuguzi mwema akakimbia kufungua mlango wa wodi, marehemu akatikisa kichwa. Hakuwa anataka upepo. Alifariki dunia tarehe 6 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri.

Juzi mwenyekiti alifika msibani na miwani myeusi, akamvuta pembeni huyu anayesoma, akamwagiza achomelee jina la marehemu kwa herufi za chuma, liwekwe juu ya mlango wa ukumbi. Hicho ni kilemba cha ukoka, mwenyekiti, na marehemu hakuwa na kichwa cha kukivaa. Mlimfungia mlango akiwa hai, sasa mnataka jina lake lisimame juu ya mlango huohuo lilinde kufuli lenu. Bango limekwisha kutengenezwa, na limetengenezwa vizuri, kwa sababu katika ukoo huu hatujui kuharibu kazi. Litatundikwa ukumbini siku vijana watakapopita mlango ule wakashika gitaa lao, na huyu anayesoma atapanda ngazi mwenyewe. Mpaka siku hiyo litabaki karakanani, mahali alipofundishia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo, majirani waliopika na kukesha nasi, maopereta wenzake ambao wamekuja na mvi zao na bado wanatambuana kwa sauti, mlinzi wa ukumbi aliyekuwa akimpa kiti kwa siri na aliyemtolea kigoda chake, na wateja wa karakana waliosubiri mageti yao kwa uvumilivu ili vijana waimbe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kamati tutaishukuru siku ya ufunguo.

Mwisho, mliokaa mbele mtakuwa mmeona kwamba kipaza sauti hiki kilicholetwa na kamati kimezimwa tangu neno la kwanza. Mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mashine za chuma hakihitaji, na hata angekihitaji, sheria ya marehemu mnaijua. Kule nyuma kabisa, kando ya mlango wa ua, msusi amekaa kwenye kigoda kilekile, na huyu anayesoma anainua macho sasa kumtazama.

Mkono uko juu, dada. Pumzika kwa amani.