Rodelio, Aliyefanyiwa Matanga Akiwa Hai

Wasikilizaji wapendwa, mlioko kazini na mlioko jikoni, leo tukae kidogo na Agata Nshimirimana wa hapa Linden, Columbus. Agata amefiwa na mumewe. Mumewe ni Rodelio Macaraeg, Mfilipino, fundi umeme. Aliugua ini, akafariki Machi hii ya 2015.

Rodelio alizaliwa Mkatoliki. Alikwenda Jeddah kutafuta kazi, akasilimu huko. Wafilipino wa namna hiyo wako wengi, na kwao huitwa "waliorudi", yaani waliorudi kwenye Uislamu. Lakini Rodelio alipofika tena kwao Ufilipino, mama yake, Mama Florentina, aliita majirani wakasali rozari ya siku tisa, ile ya kumwombea marehemu. Marehemu aliyetajwa ni Rodelio. Rodelio mwenyewe alikuwa chumba cha pili, anakula wali, anawasikia.

"Alinisimulia huku anacheka," anasema Agata. "Halafu akaingia kuoga, akakaa huko sana."

Yeye na Rodelio walikutana huku Marekani, Louisville, kwenye ghala la vifurushi. Agata ni Mrundi, Mkatoliki, amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Walioana, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Kila Jumapili Rodelio alimpeleka Agata misani, akamngoja nje, hata theluji ikianguka. Mama Florentina naye alikuwa amehamia kwa binti yake, Cheektowaga, kule Buffalo. Rodelio alimpigia kila Krismasi. Mama hakupokea.

Rodelio alipokata roho, mama alikuja. Agata alimkumbatia mlangoni, akidhani amekuja kuaga. Kumbe amekuja na lake. Aliwaambia wazee wa msikiti kwamba mwanawe alitubu, amekufa Mkatoliki. Na hakuwa amemwona mwanawe kwa miaka. Wazee wakasita. Padri, ambaye mama alimwomba amzike, naye akasita. Maiti ikabaki kwenye jokofu la hospitali, haina wa kuisalia.

Ndipo Agata, msalaba shingoni, akaenda msikitini. Akasimama mbele ya wazee.

"Mimi ni Mkristo, sipati kitu kwa kudanganya," alisema. "Aliposhindwa kuinuka, aliswali kwa macho. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Mume wangu amekufa Mwislamu."

Wakamzika alasiri ileile, ndani ya sanda. Mama Florentina hakushuka garini. Agata alimfuata, amemshika mkono binti yao mdogo, Angelika, akamwomba mama atie kaburini walau konzi moja ya udongo.

Mama alijibu kwa upole kabisa: "Umemtia mwanangu motoni. Mtoto akikuuliza baba yuko wapi, mwambie hivyo."

Kisha akapandisha kioo. Angelika alisikia kila neno.

Pole, Agata. Pole, Angelika, mwanetu. Na pole kwako, Mama Florentina, maana aliyekufa ni mwanao, upende usipende.

Wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwako yuko aliyebadili dini, na jina lake halitajwi tena mezani. Mwite aje ale. Usimwulize anasali wapi. Kaburi la Rodelio bado ni udongo mtupu, na mama yake hajalikanyaga.