Kompyuta ya Nani?

Benchi la Sahara, mama wa kahawa, mjini Emali lilitazamana na mlango wa ofisi ya ushirika wa wakulima wa machungwa, na asubuhi hiyo ya mwaka 1996 mlango ulikuwa na kufuli. Kavata Musembi, mpiga chapa wa ushirika, aliketi mwisho wa benchi na kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi Nairobi na sura mpya. Visanduku vyote alivyovijua vilikuwa vimetoweka, na wiki nzima alikuwa ametoa jasho kutafuta kila kitu kilihamia wapi, mpaka akaizoea. Kisha mwenyekiti, Mutie Mbuvi (si yule Mutie mwingine wa mjini, mwenye kinu cha kusaga unga), akachungulia juu ya bega lake na kuona maneno mawili chini ya picha moja: My Computer. Akamtoa nje, akafunga. Sasa mwenyekiti alikuwa katikati ya benchi, ufunguo mfukoni, na jioni kamati ingeamua kama Kavata bado ana kazi.

— Ilienda Nairobi ikiwa ya ushirika, alisema Mutie. Imerudi imeandikwa "kompyuta yangu". Yangu ya nani? Nani hukaa hapo?

— Mimi sikuandika, mzee. Imekuja hivyo.

— Ng'ombe wangu akirudi na chapa ya jirani, utaniambia amejichoma mwenyewe?

Nzomo, aliyeitwa Sheria kwa kuwa alikuwa ameshindwa kesi tatu za shamba lile lile, aliinua kidole.

— Hapo kuna neno, bwana chairman. Huyu akikaa nayo miaka kumi na mbili, kama shamba, na jina lake liko juu, hakuna korti itamtoa.

— Jina langu liko wapi? Kavata aliuliza.

— Usinikate. "Yangu" ni jina la kila mtu. Ndiyo ujanja wenyewe!

Musyoka, ambaye alistaafu kazi ya reli lakini bado aliitwa Injini, alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti.

— Nyinyi hamjui mashine. Hakuna mtu aliandika. Ni yenyewe inaongea. Inasema inajimiliki.

— Kompyuta ijimiliki?

— Kwani sura mpya ni ya nini? Leo inajimiliki. Kesho itataka ofisi. Mkutano wa mwaka ukifika, inapiga kura.

— Itampigia nani? aliuliza Nzomo, kwa wasiwasi wa kweli.

— Si wewe.

Sahara aliongeza kahawa, akamtazama Kavata kwa huruma. Hapo akafika Muktar Billow, mfanyabiashara wa mbuzi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Dada, nimeambiwa wewe ndiye unaandika barua. Daktari wa mifugo anataka barua ya kusafirisha, na lori imejaa mbuzi, inangoja.

— Ufunguo uko na mzee, alisema Kavata.

Muktar akaelezwa yote, na watu watatu kwa wakati mmoja. Akamgeukia mwenyekiti.

— Mzee, wewe umeshakaa hapo? Ukikaa wewe, inasema ni ya nani?

Nzomo alishusha kidole chake. Hata Injini alitazama ndani ya kikombe chake.

Mutie akainuka, akavuka barabara, na wote wakamfuata. Akafungua, akaketi. Kavata akanyoosha mkono, akaiwasha. Walingoja. Yale maneno mawili yakatokea.

— "Yangu," Mutie akasoma polepole.

— Toka nione! Nzomo akaketi. Eh! Na mimi inaniambia yangu!

Injini aliketi pia, akasoma, akaruka kama kiti kina moto.

Mutie alijikuna shingo.

— Basi inasema ni ya yeyote anayeikalia, alisema. Hiyo ni ushirika kabisa. Jioni tutaongea bei ya machungwa tu. Kaa, binti yangu.

— Na barua yangu? Muktar akauliza.

Kavata tayari alikuwa ameketi. Vidole vyake vikaanza kazi. Mwenyekiti, kwa furaha, akashika kipanya, akabonyeza, na barua yote ikatoweka kwenye kioo.

— Uuwi! Muktar akashika kichwa. Mbuzi zangu!

— Chairman ameua barua, alisema Injini.

Kavata hakuharakisha. Alishusha mshale mpaka kwenye ukanda wa kijivu ulio chini kabisa ya kioo, barua ilikojificha, akabonyeza mara moja, na barua ikapanda nzima, hakuna herufi iliyopotea. Nzomo akapiga makofi kama yuko harusini.

— Rudia tuone, alisema Mutie.

— Baadaye, mzee. Kwanza sogea. Unanizibia mwanga.

Na mwenyekiti wa ushirika, mbele ya watu wote, akasogea.