Kuku Aliyempeleka Mjomba Nikolao Kwenye Kitanzi

Padre, mashehe, wazee wangu wote mliofika hapa Kitangari, shikamooni. Naitwa Joel, mama yangu Maria ni dada wa marehemu, na kwetu mpwa ndiye anayemsemea mjomba, ndiyo maana nimesimama mimi. Mzee Erasto alinipa karatasi ya mistari tisa, imeandikwa marehemu amefariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu", basi, imetoka hiyo. Mzee Erasto, shikamoo tena, karatasi yako nimeiacha nyumbani.

Marehemu Nikolao Mathias Nandonde alizaliwa hapa hapa Kitangari tarehe 12 Machi 1968, akasoma shule ya msingi kuanzia 1977 mpaka 1983, akachaguliwa kwenda sekondari Chidya, hakwenda, kwa sababu babu aliumwa mgongo na nyumba ilihitaji mtu wa kushuka bondeni kuchota maji. Akaingia kazini, madumu manne kwenye baiskeli, kupanda na kushuka, na msimu ukifika anawapulizia watu mikorosho yao salfa, dawa ya ukungu. Tarehe 8 Juni 1996 alifunga ndoa na mkewe, yule wa kanga nyeusi pale, Winfrida, kanisani Lukuledi, wakajaliwa watoto wawili, Agatha, aliyezaliwa 1998, na Mathias, aliyezaliwa 3 Machi 2006, huyu alizaliwa baba yake yuko mahabusu, hajawahi kubebwa naye hata siku moja.

Sasa hapa ndipo walitaka niruke.

Tarehe 10 Novemba 2005 mjomba aligombana na jirani yake Suleimani, kisa mpaka wa mikorosho, maneno makali, watu walisikia. Tarehe 12 Suleimani akakutwa shambani amekufa, amekatwa panga. Mjomba akafanya kile ambacho kila mtu hapa angefanya, kwa sababu kwetu ukiwa na ugomvi na mtu naye akafa, unapeleka unga wa mtama na kuku mweupe kwa wafiwa kabla hajazikwa, ugomvi usiingie naye kaburini. Akapeleka, akashika na jembe, akachimba kaburi. Tarehe 14 polisi wakaja kumkamata. Kituo nimekatazwa kukitaja, sikitaji, wenyewe wanajijua. Wakamwambia, "Kama hukuua, kuku wa nini? Umelipa fidia wewe." Mahakamani wakamwita Bibi Rukaiya, mama mzazi wa Suleimani, wakamuuliza, mshtakiwa alikuletea kuku, jibu ndiyo au siyo, bibi akasema ndiyo, akafungua mdomo aeleze, wakamwambia shuka. Mwaka 2011 mjomba akahukumiwa kunyongwa, 2014 rufaa ikatupwa. Ushahidi wao mkubwa kuku. Na aliyemuua Suleimani hajatafutwa na mtu mpaka leo, labda anakula korosho zake tu.

Tangu hapo hakunyongwa, hakuachiwa. Kila akisikia funguo asubuhi anajiuliza ni leo.

Mwaka 2023 tukasikia imeundwa tume ya serikali, eti inachunguza kama adhabu ya kifo inatolewa kwa haki, tukafurahi kama wajinga. Tarehe 20 Februari 2024 tume ikakaa Masasi mjini, Bibi Rukaiya akashuka na bodaboda kutoka huku juu, na umri ule, akapewa dakika tatu. Akawaambia, "Wanangu, yule kuku nilimpokea kwa mikono yangu na nikamla. Mtu akikuulia mwanao, utamla kuku wake?" Mwenyekiti akasema, "Mama, sisi hatusikilizi kesi ya mtu mmoja mmoja, tunaangalia mfumo." Bibi akauliza, "Mfumo ndio nani, anakaa wapi, nimfuate?" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nilicheka, nisamehe bibi. Gerezani nako walipeleka fomu, mjomba akajaza mstari mmoja tu, "Pandeni Kitangari mkaulize habari ya kuku." Hakupanda mtu.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akafariki hospitalini tarehe 2 Juni 2025, mguu wa kushoto una pingu. Jana Jumatano barua ya tume imefika kwa mtendaji, ina jina lake, wanamshukuru kwa maoni mazuri, yatafanyiwa kazi. Tumemwekea kwenye sanduku, akawajibu mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari, hasa nesi Perpetua aliyegombana na askari mpaka pingu ya mguu wa kulia ikafunguliwa, inawashukuru majirani kwa kuni na maji, na wenzake wa baiskeli waliochimba kaburi tangu alfajiri.

Wa mwisho ni Bibi Rukaiya. Mmemuona asubuhi, amekuja na bakuli la unga wa mtama na kuku mweupe, akaviweka miguuni kwa mama yangu, akasema ana neno na marehemu, ile "ndiyo" yake ya mahakamani, hataki izikwe naye. Mama amepokea. Kama kuna afande amekuja kiraia, kuku yule pale chini ya meza, amefungwa miguu, njoo uandike maelezo, umkamate na bibi.

Mjomba, pumzika kwa amani. Sisi huku hatupumziki.