Isikeli Rokovada na Pembetatu ya Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla ya kubandika birika la majani ya mlimau, marehemu Isikeli Rokovada aliwasha kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya dirisha la nyumba yake hapa Levuka, akasimama mbele yake mikono nyuma, akangoja. Kilichotokea kwenye skrini kilikuwa pembetatu moja. Upande wake mmoja ulikuwa wa bluu nzito. Upande wa pili ulipenyeka kwa macho kama maji, na kingo zake zilikuwa laini. Akiiona alisema, "Ipo." Asipoiona alisema, "Haipo," na siku hiyo majirani walijua kukaa mbali na ua wake.

Marehemu aliagiza wasifu wake usiwe na sukari. "Nimekatazwa sukari miaka kumi na miwili," alisema, "msije kunilisha nikiwa kwenye jeneza." Kwa hiyo wanaotarajia kusikia kwamba alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu wote, watusamehe. Wengi waliokaa kwenye mikeka hii leo walitukanwa naye angalau mara moja, na baadhi yao walistahili.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji kimoja karibu na Savusavu, mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Jone Rokovada na Bi Akosita. Mdogo wao wa kiume alifariki akiwa mchanga. Dada yake mkubwa, Vasemaca, anakumbuka kwamba Isikeli alianza kubishana kabla hajaanza kutembea vizuri. Redio ya baba yao ilipoharibika aliifungua na kuitandaza mkekani, na alipochapwa alijibu, "Sasa mmenichapa, lakini redio bado mbovu. Nani ataitengeneza?" Aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha mwaka 1975 akapelekwa shule ya bweni Suva. Huko alipata alama za juu katika hesabu na barua tatu za onyo kwa kuwasahihisha walimu mbele ya darasa. Mwaka 1982 alihitimu stashahada ya ufundi wa umeme.

Mwaka 1983 aliajiriwa Suva katika ofisi ya kuchora ramani, na hapo ndipo alipokutana na kompyuta za michoro. Alifanya kazi miaka ishirini na moja. Ofisi ilipoamua kutupa mashine zake za zamani mwaka 2004, marehemu aliacha kazi, akazikusanya, akazileta Levuka. Kuanzia hapo hadi anaingia hospitalini, alikuwa mmoja wa watu wachache duniani waliotunza kiendeshi cha kadi za picha zilizokuwa ndani ya mashine zile. Maana yake, ile programu inayoiambia kadi ya picha ichore nini na kwa utaratibu gani. Pembetatu ya asubuhi ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Wenzake walikuwa nchi za mbali na hakuwahi kuwaona. Walijadiliana kwa barua pepe. Wao walikuwa na kadi mpya, yeye alikuwa na za zamani, na hakuwaacha wasahau. Walipomwandikia kwamba jambo fulani limejaribiwa na linafanya kazi, alijibu mstari mmoja: "Limejaribiwa kwa nani?"

Hakufanya hivyo kwa ukaidi mtupu. Mashine arobaini na moja zenye kadi hizo alikuwa amezigawa kwa shule sita za visiwa vyetu, na zilipozimika hazikuwa na mbadala. Mwaka 2009 alipanda meli kwenda kisiwa cha Koro kubadilisha kadi moja, ameifunga katika blanketi la utotoni la binti yake isipigwe na chumvi. Mama mmoja aliyeketi jirani aliomba amwone mtoto. Marehemu akafunua. Yule mama akaitazama ile kadi, akamtazama marehemu, akasema, "Maskini, kafanana na baba yake." Ni mara moja kati ya chache ambazo watu walimwona Isikeli Rokovada akicheka mpaka machozi.

Alifunga ndoa na Bi Taraivini tarehe 8 Desemba 1990, wakabarikiwa binti mmoja, Salanieta, mwaka 1996. Bi Taraivini alivumilia kompyuta jikoni, kisha sebuleni, kisha chini ya kitanda. Mwaka 2011 alimwacha, akahamia mji wa Nadi. Alipoulizwa na wazee sababu, alisema, "Mashine zake zikigoma huzikalia siku tatu akizibembeleza. Mimi nikinyamaza siku tatu, hata hajui." Bi Taraivini yupo nasi leo, na tunamshukuru kwa kuja.

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa marehemu jina, kwa kuwa salamu zote za rambirambi zilizotoka ng'ambo zimeitaja hiyo.

Kiendeshi hupewa uwezo mpya kwa vipande vinavyoitwa viendelezi. Mwaka 2018 vilikuwepo viwili ambavyo programu ya ramani ya shule ilivihitaji kwa pamoja: kimoja kililainisha kingo za michoro, kingine kiliruhusu mchoro mmoja uonekane nyuma ya mwingine. Kwenye kadi za zamani, ukiwasha kimoja peke yake, salama. Ukiwasha vyote viwili, skrini iligeuka kijani na mashine ikaganda. Wenzake waliviidhinisha vyote kwa sababu kila kimoja kilifaulu mtihani wake. Hakuna aliyevipa mtihani wa pamoja kwenye kadi ambayo hakuwa nayo.

"Zima kimoja," mmoja wao alimwandikia. "Hao watoto watazoea."

"Na wewe zima jicho moja," marehemu alimjibu. "Utazoea."

Miezi saba alisema "Haipo" kila asubuhi. Alikonda. Alisoma majedwali ya namba mpaka akayakariri. Wenzake walimpa hadi mwisho wa Novemba, la sivyo kadi zile zingeondolewa kwenye kiendeshi moja kwa moja, na mashine arobaini na moja zibaki kuwa masanduku.

Salanieta alikuwa amerudi kutoka Suva na shahada ya fasihi. Hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia ya kusoma chochote kilichowekwa karibu na sahani yake, na mwezi wa Oktoba kilichowekwa karibu na sahani yake kilikuwa nyaraka za vile viendelezi. Kila kiendelezi kina waraka wake, na mwishoni mwa kila waraka pana sehemu inayoeleza kitakavyoishi na vingine. Mafundi huiruka. Salanieta hakuiruka, maana hajui kusoma kitu nusu.

"Baba," alisema, "hivi viwili vinakaribishana mlangoni."

"Nini?"

"Huu waraka unasema, mwenzangu akiwepo, atangulie yeye. Na huu nao unasema, mwenzangu akiwepo, atangulie yeye. Kadi mpya ina milango miwili, kila kimoja kinapita kwake. Hii yako wewe mwenyewe unasema ina mmoja. Si vimesimama tu hapo nje?"

Marehemu aliendelea kutafuna muhogo wake. "Sasa mwenye mashairi anatufundisha kadi."

"Nauliza tu."

"Umeuliza. Kaoshe vyombo."

Alienda kuosha vyombo. Baada ya wiki tatu, tarehe 19 Novemba 2018, pembetatu ilitokea, na marehemu alisema "Ipo" kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Salanieta alikuwa ameshaondoka kurudi Suva. Marekebisho yalikuwa mistari mia tatu. Yalikiambia kiendelezi cha kingo kiingie kwanza, kitoke, ndipo cha pili kifuate.

Watu wa kazi hii wana desturi. Kila badiliko linaloingizwa huandikwa chini yake nani ameligundua kosa na nani ameandika dawa. Ni mistari miwili, na mara nyingi majina huwa tofauti. Mtu anaweza kuwekwa kwenye mstari wa kwanza kwa kuuliza swali tu. Na kitu kikishaingia kwenye rekodi, hakifutwi, kwa sababu kila kinachofuata kimejengwa juu yake. Chini ya badiliko lile imeandikwa: Limegunduliwa na Isikeli Rokovada. Limeandikwa na Isikeli Rokovada.

Mwaka uliofuata Salanieta aliomba kazi Wellington, ya kuandika na kusahihisha nyaraka za namna ile ile. Ni kazi pekee aliyowahi kuitamani. Walipomuuliza amewahi kufanya nini, aliwaeleza habari ya viendelezi viwili na mlango mmoja. Walimjibu kwa adabu: wameangalia rekodi, jina lake halimo, na wanamtakia heri. Akampigia simu baba yake.

"Wameniona mwongo, Baba."

"Nani aliandika ile mistari mia tatu?"

"Wewe. Sikuulizi habari ya mstari wa pili. Nakuuliza wa kwanza."

"Ulisema neno moja mezani."

"Neno lenyewe ulilitafuta miezi saba."

"Basi kalitie kwenye kitabu," marehemu alisema, akakata simu.

Hawakuzungumza miaka miwili na miezi minne. Salanieta alipata kazi maktaba, Suva. Marehemu aliendelea kuwasha mashine yake kila asubuhi, kuona pembetatu na kusema kile alichokuwa akisema. Hakuna anayejua alichokiona ndani yake.

Kisukari kilikuwa kimempata mwaka 2011. Mwaka 2021 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na dada yake Vasemaca akamwita Salanieta arudi. Alirudi. Hawakukumbatiana. Alimfunga kidonda, akampikia rourou, yale majani ya magimbi, bila chumvi, naye marehemu akalalamika kwamba mboga ile imechemshwa na mtu mwenye kinyongo. "Ndiyo," Salanieta alimjibu. "Kula." Figo zilipodhoofu, Juni 2023, alihamishiwa hospitalini Suva.

Humo ndimo alimotoa maagizo ya wasifu huu. Alisema rekodi haifutwi, wala yeye hataki ifutwe. Kwa hiyo jambo lenyewe lisomwe kwa sauti, mbele ya watu, na lichapwe kwenye karatasi ambayo kila mtu ataondoka nayo. Bi Vasemaca alipoiona rasimu alimjia juu Salanieta.

"Huku ni kumvua nguo baba yako kaburini."

"Ndivyo alivyoagiza, Shangazi."

"Wagonjwa huagiza mengi! Yule wa kitanda cha pili aliagiza bia!"

"Na alipewa?"

Shangazi aliirudisha ile rasimu. "Alipewa," alisema.

Marehemu Isikeli Rokovada alifariki Jumatano, tarehe 2 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha mtalaka, Bi Taraivini, binti mmoja, Salanieta, dada mmoja, Vasemaca, wapwa wanne, na mashine thelathini na nane ambazo hadi juzi zilikuwa zikifanya kazi katika shule sita. Mola ampe pumziko alilowanyima wenzake, na ampokee bila kumtaka athibitishe kwanza.

Imebaki sehemu moja, na ndiyo aliyosisitiza isirukwe.

Jumapili kabla hajafariki alimtuma Salanieta Levuka kuwasha ile kompyuta ya dirishani, kwa kuwa hakuna aliyeiwasha tangu Juni. Salanieta alifika Jumatatu asubuhi, akafuta vumbi, akawasha, akasimama mikono nyuma. Kisha akapiga simu hospitalini.

"Ipo," alisema.

"Kingo?"

"Laini."

"Upande wa pili unapenyeka?"

"Unapenyeka, Baba."

Salanieta hakuwa amemuuliza baba yake kitu chochote tangu siku ile ya simu, na hakukusudia kuuliza zaidi ya mara moja. Alimuuliza kwa nini hakuliandika jina lake kwenye mstari wa kwanza.

Marehemu hakukohoa wala hakutafuta maneno.

"Lilikuwa jambo zuri," alisema. "Nikataka liwe langu."