Mzee Murhula, Mlinzi wa Vito vya Kirumi na Mshenga Wangu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kulinda chumba cha dhahabu ya Kirumi katika jumba letu la makumbusho hapa Sydney, Mzee Murhula anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 2008. Alipaswa kustaafu Machi. Aliahirisha kwa ajili yangu mimi, Ineza wa mapokezi, bibi harusi wa wiki mbili.

Mzee, mwenyeji wa Bukavu, alianza kazi mwaka 1986, na hajapoteza hata hereni moja. Kila asubuhi huzisalimia pete kabla ya kutusalimia sisi. Watoto wa shule wakibandika pua kwenye kioo, hufuta pua kwanza, kioo baadaye.

Januari, Fiacre wangu, anayeng'aa kuliko kabati zote za chumba kile, alileta posa. Baba mkubwa Nahimana akadai ng'ombe watatu, kama kwetu Burundi. Fiacre anaishi ghorofa ya tatu, Westmead.

Mzee Murhula, mshenga wetu, akamleta baba mkubwa kazini na kumwonyesha pete yenye kito cha akiki kilichochongwa msichana juu ya mgongo wa fahali. Akamwambia mzee mwenzake kwamba kwa Warumi ng'ombe na bibi harusi walihesabiwa pamoja, kwa hiyo deni hakuna. Baba mkubwa akasoma maelezo ya kando. Kumbe fahali yule ni mungu aliyejigeuza, na binti anaibwa. Akavaa kofia yake akaondoka.

Nililia siku mbili. Mzee akaomba aongezewe miezi miwili kazini, na kila Jumapili akambembeleza baba mkubwa aje kuona kito kingine. Tai akimnyakua kijana wa watu. Mungu wa kuzimu akimburura mchumba kwenye gari la farasi. Bata maji mmoja, mungu mwingine aliyejigeuza, na bibi mmoja, ambao Mzee aliwapita bila maelezo.

Jumapili ya sita baba mkubwa akachoka. Akasema hajapata kuona wakwe waovu namna hii, na kwamba Fiacre, pamoja na ufukara wake wa ng'ombe, angalau alibisha hodi. Akatoa idhini palepale, mbele ya bata. Tulifunga ndoa Parramatta tarehe 17 Mei, na mume wangu anapendeza hata akiosha vyombo.

Asante, Mzee. Miezi miwili ya kupumzika tuliyokunyang'anya, Mungu akurudishie miaka ishirini, yenye afya na viatu visivyobana. Umesimama vya kutosha. Nenda ukakae.